Hojaji Iliyokubaliwa na Kila Mtu: Kisa cha Tasnifu ya Ujasiriamali Katwe, Kampala

Kisa hiki kinamhusu mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya ujasiriamali na ubunifu katika chuo kimoja cha Kampala. Jina lake silitaji, wala la chuo. Nilikuwa msimamizi wake wa pili, na ameniruhusu kuieleza kazi yake. Alikulia Bombo, ambako Kiswahili na Kinubi husikika sokoni kila siku, akafanya kazi miaka kadhaa kwenye ofisi ya mikopo midogo, na alipoingia darasani alikuwa na swali lake tayari: kwa nini baadhi ya mafundi chuma wa Katwe wanapanuka na wengine wanabaki palepale, mwaka nenda mwaka rudi, ingawa wote wanachomelea vitu vilevile?

Swali hilo lilitoka kwa mtu aliyewahi kufuatilia marejesho ya mikopo karakana kwa karakana. Lakini lilipofika kwenye pendekezo la utafiti likageuka kuwa "Ubunifu na Utendaji wa Biashara Ndogo katika Divisheni ya Makindye", divisheni ya Kampala ambamo Katwe imo. Yeyote aliyepitia idara za biashara hapa Uganda anaujua mtindo huo: kigeu huru kimoja (kinachodhaniwa kuwa chanzo), kigeu tegemezi kimoja (kinachodhaniwa kuwa matokeo), eneo moja la mji, na mshale katikati. Sura ya 3 inakuja karibu yenyewe. Ukubwa wa sampuli unachukuliwa kwenye jedwali la Krejcie na Morgan, hojaji inakuwa ya ngazi 5 kutoka "sikubaliani kabisa" hadi "nakubali kabisa", alfa ya Cronbach, kipimo cha kitakwimu cha hojaji, inatakiwa ivuke 0.7, halafu data inaingizwa kwenye SPSS, programu ya takwimu. Kamati ililipitisha pendekezo bila shida. Hakuna aliyemuuliza kama amewahi kukaa kwenye karakana moja asubuhi hadi jioni.

Zana hizi zenyewe hazina kosa. Ninachokipinga, na nimekipinga kwenye vikao vingi, ni kuzipanga kabla ya kulitazama jambo lenyewe. Mwanafunzi wa uzamili anafundishwa namna ya kupima miezi mingi kabla ya kujua anachokipima ni nini, na kwenye ujasiriamali hasara yake ni kubwa kuliko kwenye fani nyingi, kwa sababu biashara inayochunguzwa inaweza kubadilika, kuhama au kufa kabla tasnifu haijafungwa jalada.

Jaribio la awali ndilo lililofichua mambo. Alichukua nakala za hojaji akaenda Katwe, kwenye vichochoro vya nyuma ya barabara ya Entebbe. Fundi wa kwanza alinyanyua kinyago cha kuchomelea, akafuta mikono, akamsikiliza kwa adabu. Swali la kwanza, nakubali. La pili, nakubali kabisa. Kufika la sita akawa amesharudisha kinyago usoni. "Dada, andika nakubali, na hayo mengine pia nakubali." Karakana zilizofuata zilikuwa hivyohivyo. Kila mtu alikuwa mbunifu, kila mtu alithubutu, kila mtu alileta bidhaa mpya, na biashara ya kila mtu ilikuwa inaendelea vizuri.

Alipoingiza majibu kwenye kompyuta, alfa ikapanda juu ya 0.9. Alifurahi, na ninaelewa kwa nini: alikuwa amefundishwa kwamba namba hiyo ikivuka 0.7 hojaji imepona. Ilibidi tukae chini tuizungumze polepole. Alfa inaonyesha kama maswali yanakwenda pamoja, yaani kama anayejibu juu kwenye moja hujibu juu kwenye mengine. Haina habari kama maswali yanagusa ukweli wowote. Wachache waliochoka wakijibu 3 mfululizo na wengine wakijibu 5 mfululizo, alfa itakuwa nzuri mno. Tena ubunifu na utendaji vilikuwa vinajazwa na mtu yuleyule, kwenye karatasi ileile, kwa dakika zilezile kumi. Anayejisifu upande mmoja atajisifu na upande wa pili. Uhusiano kati ya vigeu viwili ungetokea kwenye matokeo, nyota za umuhimu wa kitakwimu zingeonekana, na tasnifu ingepita ikiwa imepima tabia ya watu kujisifu mbele ya mgeni mwenye kalamu.

Tulifuatilia pia maswali yale yalitoka wapi. Aliyachukua kwenye tasnifu ya mwanafunzi aliyemtangulia, naye aliyatoa kwenye nyingine, na mwisho wa mnyororo tukafika kwa watafiti Covin na Slevin, 1989. Kipimo chao cha mwelekeo wa kijasiriamali kina maswali 9 na kilijaribiwa kwa viwanda vidogo 161 vya Marekani. Kwenye kipimo cha asili mjibuji haulizwi kama anakubali. Anawekewa kauli mbili zinazopingana, moja kila upande, na anaonyesha kampuni yake imesimama wapi kati ya ngazi 7. Mahali fulani njiani mtu aliondoa kauli ya upande mmoja, akabakiza ile inayosifika, akaweka "nakubali" na "sikubaliani". Zaidi ya hapo, kauli nyingi zinazungumzia mameneja wakuu wa kampuni. Pale Katwe meneja mkuu ndiye huyo aliyeshika grinda, na vijana wake wawili wanashikilia chuma. Kuitafuta hojaji hadi kwenye chimbuko lake kulimchukua siku chache tu maktabani na mtandaoni. Kwa maoni yangu hilo lingepaswa kuwa zoezi la kwanza la somo la mbinu za utafiti, kabla ya fomula yoyote.

Baada ya hapo nilimwomba aziweke hojaji kando, aombe ruhusa ya kukaa. Hakupenda. Aliona anarudishwa nyuma, na ada ya muhula ilikuwa inamsubiri. Hata hivyo alikwenda, na daftari lake la wiki hizo ndilo sehemu bora ya kazi yote.

Nitaeleza tukio moja kama alivyoliandika. Mteja alikuja kutoka Bweyale, kule Kiryandongo, na mashine ya kupukuchua mahindi aliyokuwa ameinunua msimu uliopita. Lalamiko lake lilikuwa kwamba punje zinavunjika, na wanunuzi wanamkata bei. Fundi hakufungua kitabu wala simu. Alimuuliza mahindi huwa yamekauka kiasi gani yakiingia kwenye mashine, akaambiwa mara nyingi bado yana unyevu kwa sababu mvua haiwapi nafasi. Akachora kwa chaki sakafuni. Akatoa puli ya ngoma, akaweka kubwa zaidi ili ngoma izunguke taratibu. Akakata meno yaliyokuwa ya bapa, akachomelea vipande vya nondo mviringo. Mwisho akaongeza magurudumu mawili ya pikipiki kuukuu, maana mteja alikuwa anaihamisha mashine nyumba hadi nyumba kwa kukodi lori. Wakaijaribu na gunia alilokuja nalo. Mteja akaviringisha punje kiganjani, akalipa, akaondoka. Jirani wa upande wa pili alikuwa amesimama muda wote anatazama, na kabla ya mwisho wa mwezi alikuwa anauza mashine yenye meno ya nondo.

Mwanafunzi alimuuliza fundi: mzee, hii nayo ni bidhaa mpya? Akajibu, "Hapana mama, hiyo nimerekebisha tu." Fundi huyo ndiye aliyekuwa amejibu "nakubali kabisa" kwenye kauli ya kuleta bidhaa mpya.

Basi hojaji ilikuwa imekosea pande zote mbili. Ilihesabu majigambo, na jambo lenyewe lilipotokea mbele ya macho isingelihesabu. Mwongozo wa Oslo, mwongozo wa kimataifa wa kupima ubunifu unaotolewa na OECD na Eurostat, toleo la 4 la 2018, unasema ubunifu ni bidhaa au mchakato mpya au ulioboreshwa ambao unatofautiana kwa kiasi kikubwa na vilivyotangulia vya taasisi hiyo, na ambao umefikishwa kwa watumiaji au umeanza kutumika. Hakuna sharti la kuwa mpya duniani. Kwa kipimo hicho mashine ya Bweyale inastahili kuhesabiwa, na kwa karakana ya jirani inastahili pia, ingawa aliiga. Kuna mwalimu aliyependekeza ahesabu hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi. Uganda ina Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2014, na maombi hupelekwa URSB, ofisi ya usajili ya serikali. Lakini kati ya mafundi aliokaa nao hakuna hata mmoja aliyewahi kusajili chochote. Hesabu ya hataza ingeiandikia Katwe sifuri, mtaa ambao Waganda wenyewe wanauita wa *abayiiya*, watu wa kubuni.

Kisha likaja suala la sampuli, ambalo huwa naona linapitishwa kwa haraka mno. Jedwali la Krejcie na Morgan la 1970 linapendwa kwa sababu halitaki mjadala: ukiwa na watu 220 chukua 140, 1,000 chukua 278, 10,000 chukua 370, milioni moja chukua 384. Imekuwa bandika bandua. Namba hizo zimekokotolewa kwa kazi maalumu, ambayo ni kukadiria uwiano mmoja kwa kosa la asilimia 5, kwa kudhani uwiano ni nusu kwa nusu, na kwa kuchagua watu kwa bahati nasibu kutoka orodha kamili. Mwanafunzi wetu hakuwa anakadiria uwiano wowote. Na orodha kamili ilikuwa wapi? Aliipata ya chama cha mafundi. Alipoizungukia aligundua baadhi ya majina yamehama, mengine ni ya watu wawili wanaogawana banda moja, na karakana nyingi za vijana hazimo kabisa. Sensa ya biashara ya Ofisi ya Takwimu ya Uganda ya 2010/11 iliorodhesha zaidi ya biashara 458,000 nchini, lakini kuitegemea leo kwa vichochoro vya Katwe ni kutafuta mabanda yaliyokwisha kubomolewa. Kwa hali hiyo, watafiti wasaidizi wanaotumwa kutafuta watu 140 humaliza kwa kuwapa karatasi waliopo na wenye nafasi. Na fundi mwenye nafasi saa 4 asubuhi, mara nyingi, ni fundi asiye na kazi.

Kasoro kubwa kuliko hiyo ilikuwa kwamba orodha ya karakana zilizo wazi, hata ikikamilika, haina waliofunga. Anayetaka kujua kwa nini wengine wanapanuka na wengine hawapanuki, halafu anawahoji waliobaki peke yao, atawakuta wote wamethubutu na wote wamefaulu. Waliothubutu wakafilisika wako Juba wanatafuta kibarua, au wanaendesha boda boda. Hapa nilimrudisha kwenye utafiti wa Global Entrepreneurship Monitor, utafiti wa kimataifa wa ujasiriamali ambao Uganda iliingia mara ya kwanza 2003 na ambao kwa Uganda ulifanywa na Shule ya Biashara ya Makerere pale Nakawa. Wanafunzi huukumbuka kwa namba moja: mwaka 2014 asilimia 35.5 ya Waganda wenye umri wa miaka 18 hadi 64 walikuwa wanaanzisha biashara au wanamiliki biashara isiyozidi miezi 42. Sifa hiyo hunukuliwa ukurasa wa kwanza wa kila tasnifu. Kinachoachwa ni kwamba karibu mtu mmoja kati ya watano aliripoti pia kuachana na biashara katika kipindi hichohicho. Na utafiti ule uliwapata kwa sababu unawauliza watu wazima majumbani, hauanzii kwenye milango ya biashara. Huko kuchagua nani aulizwe, mtu au duka, ndiko kulikoleta tofauti.

Akabadilisha utafiti. Kitu cha kuchambuliwa kikawa mashine, karakana ikawa mahali inapotokea. Alichagua mashine 24 za aina chache: za kupukuchua mahindi, za kukatakata majani ya ng'ombe, za kuchanganya chakula cha kuku, za kufyatua matofali ya saruji. Kwa kila moja alifuatilia ilianzia wapi, nini kilibadilishwa, nani aliomba kibadilishwe, nani alilipia jaribio likiharibika, zimeuzwa ngapi baada ya mabadiliko, na nani aliiga. Fundi alihojiwa, mteja alihojiwa kwa simu au ana kwa ana, na jirani aliyeiga akahojiwa pia, ili hadithi ya mmoja isisimame peke yake. Baadhi ya wateja walikuwa wafanyabiashara kutoka Beni na Butembo, miji ya Kongo, na hapo Kiswahili cha Bombo kilimfaa kuliko Kiingereza cha chuoni.

Waliofunga aliwapata kwa njia ambayo hakuna kitabu kilichomfundisha. Aliwauliza wauza rodi za kuchomelea, kwa kuwa hao wanajua nani aliacha kununua na lini. Wenye mabanda walimpa namba za wapangaji wa zamani. Hakuwapata wote, na tasnifu inasema hivyo waziwazi, pamoja na kueleza wasiopatikana wanaweza kuwa wameyapindisha matokeo upande gani.

Kuhusu fedha alijifunza haraka. Mtu mwenye mkoba na karatasi akiulizia mauzo huchukuliwa kuwa ametoka URA, mamlaka ya kodi, au KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, na atapewa hesabu ya kumfukuzia. Akaacha kuuliza shilingi, akauliza idadi ya mashine zilizotoka, wasaidizi waliolipwa wiki iliyopita, rodi zilizotumika. Ni vitu ambavyo fundi anavikumbuka bila daftari na havimtishi.

Msimamizi wa kwanza hakuridhika. Hoja yake ilikuwa nzito, na naiheshimu: mashine 24 hazitoshi kuzungumzia biashara ndogo za Uganda, na mtahini wa nje angeuliza namba ziko wapi. Tulibishana. Tulichokubaliana ni kwamba tasnifu isidai kuzungumzia Uganda. Idai kueleza namna mabadiliko ya mashine yanavyozaliwa, yanavyolipiwa na yanavyosambaa mahali pamoja panapojulikana. Hojaji fupi ilibaki, safari hii ikiwa na maswali ya matukio: mara ya mwisho ulipobadilisha mashine, nani alikuomba? Nilishinikiza kichwa cha tasnifu kibadilishwe kulingana na hayo. Idara ilikubali baada ya barua kadhaa, na muhula ukawa umekwisha. Hasara hiyo ya muda aliibeba mwanafunzi, ada ikiwemo, na siioni haki. Ratiba inayomtaka mtu awasilishe pendekezo kabla ya kuingia uwanjani ndiyo inayomtoza faini anapogundua uwanjani kwamba pendekezo halikuwa sahihi.

Maadili ya utafiti yalihitaji kazi kuliko alivyotarajia. Vibali vina njia yake: kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Fomu ya ridhaa ya kawaida ilijaa ahadi za kuficha majina. Lakini kwa fundi chuma jina si siri kubwa. Siri ni mchoro. Picha ya puli na meno ikitokea kwenye tasnifu iliyowekwa kwenye maktaba ya mtandaoni, mtafiti amemgawia mshindani kazi ya mtu bure. Kwa waliofunga, siri ilikuwa mahali wanapoishi, kwa kuwa wengine wana madeni. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 ilimpa msingi wa kuandika mpango wa kutunza rekodi, lakini uamuzi wa kutopiga picha za ndani ya mashine aliufanya mwenyewe, baada ya fundi mmoja kufunika kazi yake na gunia alipomwona ametoa simu.

Alichokipata kilinishangaza kwa sehemu. Kwenye mashine nyingi alizozifuatilia, mabadiliko yalitokea pale mteja alipotoa malipo ya awali na kukubali kuirudisha mashine irekebishwe. Mafundi waliojaribu mawazo mapya kwa fedha zao wenyewe ndio wengi wao waliokuwa kwenye kundi la waliofunga. Kuiga kulikuwa kwa haraka kwa sababu milango iko wazi. Waliopanuka hawakuwa wale waliobuni zaidi. Walikuwa wale ambao wateja waliwarudia kutafuta vipuri, kwa kuwa walikuwa wanajua mashine yao imetoka kwa nani. Swali lake la ofisi ya mikopo lilikuwa limepata jibu, angalau kwa mashine hizo, na ni jibu ambalo afisa wa mikopo anaweza kulitumia: muulize fundi ni wateja wangapi wamemrudia.

Kabla ya kuwasilisha alirudi Katwe kuwaeleza waliomsaidia. Aliwasomea jedwali lililogawa mashine kwa makundi matatu: zilizobuniwa, zilizoboreshwa, zilizoigwa. Wakabishana naye kwa saa nzima. Mashine ya kukatakata majani aliyokuwa ameiweka kwenye kundi la kuigwa, fundi wake alisema visu alivigeuza pembe kwa sababu mabua ya mtama ya wateja wake wa kaskazini yalikuwa yanajisokota kwenye shafti, na akaenda kuileta waione. Jirani aliyedaiwa kuigwa akakiri kwamba ya kwake haikuwa na pembe hiyo. Mwanafunzi akaihamisha kwenye kundi la zilizoboreshwa. Mashine nyingine mbili hawakuafikiana. Tasnifu iliwasilishwa ikiwa na jedwali lililorekebishwa, na mashine hizo mbili zikawekewa alama, maelezo ya kila upande yakiandikwa kwenye kiambatisho, ili mtahini aamue mwenyewe zinakaa wapi.